Siku Nilipomsomea Mama Msiba

Tii-tii. Mlio huo wa ujumbe kuingia kwenye simu ya kitochi nauchukia mpaka leo. Juzi niliusikia stendi ya Makambako, kwenye simu ya mama mmoja muuza njegere, nikajikuta nimemkata jicho mama wa watu ambaye hakunikosea kitu. Mnivumilie tu. Nina hasira ya miaka mingi, na leo nataka kuwaambia ilikotoka.

Makambako ndiko anakoishi Mjomba, kaka yake Mama. Tena si mtu wa shida: ana duka la vipuri lenye milango miwili. Yeye ndiye aliyemnunulia Mama simu. Alikuja nayo kwetu Yakobi ikiwa bado kwenye boksi, akamwambia, "Dada, sasa na wewe uko duniani." Kana kwamba kabla ya hapo tulikuwa tunaishi kaburini! Mama hakujua kusoma. Msomaji wake nilikuwa mimi, darasa la tano, miaka kumi na mmoja, bingwa wa kusoma kwa sauti. Nilimsomea kila kitu: vitabu vya shule, barua za kanisani, hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Mwalimu alitufundisha kupaza sauti na kutulia kwenye nukta, na mimi nilitulia mpaka mtu akadhani nimesahau.

Niwaambie kwanza msiba ulivyokuwa unafika kwetu kabla ya makorokoro haya. Ulikuja na mtu. Alitumwa mtu mzima wa ukoo, akatembea, akabisha kwa salamu ya kwetu, "Kamwene," akapewa kigoda na maji. Halafu alianza kusimulia, tena akianzia mbali kweli: mgonjwa alianza kukohoa lini, uji aliukataa siku gani, nani alimbeba, jana alisema nini na kumtaja nani. Haruki hata siku moja. Wewe unasikiliza na kulia kidogo kidogo, na anapofika penyewe ameshasogeza kigoda, mkono wake uko begani kwako. Sisi watoto tuliona ni kupoteza muda. Hadithi za sungura zilikuwa fupi kuliko msiba.

Asubuhi ile Mama alikuwa anapalilia viazi, ukungu haujatoka vizuri, udongo mweusi umemganda miguuni. Simu nilikuwa nayo mimi, kwenye mfuko wa sweta. Tii-tii. Nikafungua, na badala ya kusoma kwanza kimya kimya, nikapaza sauti papo hapo, kifua mbele:

"Baba amefariki leo alfajiri. Kuzika kesho Lupembe. Njoo na blanketi lako."

Mama aliinua uso. "Rudia."

Basi mimi, bingwa, nikadhani nimeharibu nukta. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na nukta zote nikaziheshimu. Nilikuwa nimefika kwenye blanketi ndipo nikaelewa kwamba huyo Baba ni Babu yangu.

Mama akaanguka juu ya matuta. Baba yangu mimi alikuwa kazini, msituni kwenye mbao, na jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya bonde. Hakukuwa na mtu wa kumshika. Alilia uso ukiwa kwenye udongo, udongo ukamwingia mdomoni, jamani, nilimwona. Nami nimesimama pale na simu mkononi.

Saa nane mchana akafika Mama Mkubwa, dada yake Mama, ametumwa na wazee kutoka Lupembe. Alidandia lori la kiwanda cha chai mpaka Njombe mjini, kisha akatembea. Alibisha, akasema kamwene yake, akayaona macho ya Mama.

"Nani amekuambia?"

"Simu," nikajibu mimi.

Akakaa chini na vumbi lake. Alikasirika mpaka chai akaikataa. Siku za mwisho za Babu, alizokuwa amezibeba njia nzima, hakuzisimulia siku ile, na mpaka anakufa mwenyewe hakuzisimulia. Hatujui Babu alisema nini wala alimtaja nani.

Mazishini Mama alimfuata Mjomba mbele ya watu, kaburi bado bichi. "Baba yangu ni gunia la viazi, uniandikie kwamba limedondoka?"

"Dada, nilitaka uwahi. Salio la kupiga sikuwa nalo."

"Duka milango miwili, salio huna!"

Hawajasemeshana tangu hapo. Siku hizi Mjomba ndiye kiongozi wa grupu la ukoo. Anatangaza vifo kwa vikaragosi vitatu vya manjano vinavyotoa machozi, na watu wanabandika "poleni" huku wanasubiri chipsi zao. Nilijitoa. Akanirudisha, nikajitoa tena. Sijamsamehe, na sina mpango huo.

Ningeishia hapo, kama ninavyoishia siku zote, lakini majuzi nilimwuliza Mama jambo. "Siku ile kwa nini uliniambia nirudie? Hukusikia?"

Alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso. "Nilisikia. Ulisoma vizuri mno, mwanangu. Nilidhani unanisomea kitabu cha shule."

Akaendelea kumenya. Hajawahi kunigombeza kwa siku ile, hata mara moja. Ila tangu siku ile hajawahi tena kuniomba nimsomee kitu. Simu alipeleka kwa jirani, barua kwa mchungaji, nami nikadhani ananionea huruma kwa wingi wa masomo. Ujumbe aliuandika Mjomba, ndiyo, na lawama zake azibebe. Lakini sauti anayoisikia Mama kila akimkumbuka baba yake ni yangu, na miaka yote hii nimekuwa namtukana Mjomba kwa kelele ili asije mtu akauliza nani alisoma.