Kura ya Yama na Salamu za Ukoo

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze jinsi ya kupiga kura kwa posta. Si jambo gumu, usiogope. Nililieleza mara nne katika asubuhi moja pale Nchelenge, kando ya ziwa, enzi za ukoloni, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, na mwanafunzi wangu alikuwa mjomba wangu mwenyewe.

Kwetu mjomba huitwa yama. Yama alikuwa na mitumbwi, nyavu na duka la bati, basi serikali ya kikoloni, iliyotoa kura kwa wenye mali tu, ikamwona kuwa yeye peke yake, katika kijiji kizima, ana akili ya kuchagua. Akili yetu sisi wengine ilitosha kulipa kodi tu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na ndimi niliyemsomea masharti yote ya Kiingereza, lakini kura sikuwa nayo. Nilimfundisha kwa moyo mkunjufu, kama mwenye njaa anayemwelekeza mwenzake namna ya kula nyama.

Boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa baiskeli, ndiyo maana aliomba kura ya posta. Aliletewa karatasi yenye majina ya wagombea wawili ambao hawakuwahi kuliona ziwa letu, bahasha ndogo, bahasha kubwa, na fomu ya kutia sahihi mbele ya shahidi. Unatia alama kwa umtakaye, unafunga karatasi ndani ya bahasha ndogo, hiyo unaiweka ndani ya kubwa pamoja na fomu, unapeleka posta. Yama aliitikia kila hatua. Shahidi akaja, akatia sahihi yake, akaondoka. Nami nikaenda kufundisha, nimeridhika kabisa.

Niliporudi mchana nikakuta ukoo mzima umeizunguka meza, na yama ameshika kalamu.

Ujue kwamba kwetu barua haitoki na maneno ya mtu mmoja. Husomwa kwa sauti, kila mtu akaongeza salamu zake, na asiyesalimu huhesabiwa kuwa ana ugomvi. Mke wa yama, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, Congo, alikuwa akimtamkia kwa Kiswahili cha soko la samaki kilichochanganyika na Kifaransa, ambamo ofisi huitwa biro na stempu tembre:

“Andika: tunasalimia muzungu wa biro, bibi yake na batoto. Uliza kama mvua inanyesha kule.”

“Yama,” nikasema, “hiyo si karatasi ya kura?”

“Ndiyo. Nyuma ilikuwa tupu.”

Sasa ilikuwa imejaa. Mdogo wa yama ameomba dawa ya kikohozi, shemeji amelalamikia sheria ya matundu ya nyavu, na chini yama ametia jina lake kwa mwandiko mzuri sana. Nikawaeleza, taratibu, kwamba kura ni siri. Yenye jina la mpigaji hutupwa.

“Siri?” mkewe akaruka. “Mutu anatuma barua, anaficha jina, hasalimie mutu, ule si mwizi? Alors, muzungu atasema siye hatuna heshima!”

“Si barua, mama.”

“Iko na avelope, imebandikwa tembre. Ni samaki?”

Wote wakacheka, isipokuwa yama. Ruhusa ya kupiga kura aliingoja miaka yote aliyolipa kodi, na uchaguzi mwingine ungeweza kumkuta kaburini.

“Basi kura yangu imekufa?” akaniuliza polepole.

Nikasoma masharti upya mpaka chini kabisa, ambako serikali huweka maneno ya maana kwa herufi za sisimizi: aliyeharibu karatasi kwa bahati mbaya airudishe kwa msimamizi wa uchaguzi kule Boma, apewe nyingine. Zilibaki siku tatu. Alfajiri yama akapanda baiskeli.

Alirudi kesho yake, miguu imevimba. Msimamizi alisoma salamu zote, akacheka mpaka akavua miwani, akasema hiyo ndiyo barua pekee ya heshima aliyoipata tangu uchaguzi uanze. Kisha akaipiga muhuri mwekundu wa kuifuta, akampa karatasi mpya. Yama alitia alama hapo hapo, akafunga bahasha mbili, akaziona zikiingia sandukuni.

“Na salamu?” mkewe akauliza.

“Nimezisema kwa mdomo. Mvua inanyesha.”

Mgombea wake alishindwa, lakini kura yake ilikuwamo. Basi nawe ukiletewa yako, tia alama moja, usiandike jina wala neno lingine lolote juu ya karatasi, funga bahasha ndogo kwanza, kisha kubwa. Ukiiharibu, irudishe siku hiyo hiyo uombe nyingine.