Mbwa Aliyeombewa Ruhusa

Mwanangu, umeniambia unatamani mbwa mdogo, ila umesikia kwamba mwenye nyumba wako hataki mbwa. Umesikia kwa nani? Nakumbuka siku moja, enzi ya Mwingereza, nilipokuwa mwalimu kijana na mpangaji wa Mzee Salehe huko Temeke, neno kama hilo nusura liue kiumbe.

Mzungu mmoja aliyeishi karibu na shule yetu alikuwa akirejea kwao. Alikuwa na teria, aina ya mbwa wadogo wa kuwinda panya; huyu alikuwa mweupe mwenye sikio moja jeusi, akiitwa Simba. Hakutaka kumwacha azurure; asipopata wa kumchukua, angempiga risasi. Akaniomba nimchukue, kwa kuwa kesho yake asubuhi angepanda meli.

Nilimpenda mbwa yule. Lakini nilipomdokeza kinyozi wa mtaani, alicheka hadi wembe ukamtetemeka.

"Mwalimu, Mzee Salehe atakutupia virago! Mswalihina yule, mbwa akatize uani kwake?"

Waliongoja kunyolewa wakaitikia kwamba ndivyo. Nami, mwenye mke na mtoto mchanga, nikaazimia kukataa.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. "Baba Tumaini, Mzee Salehe mwenyewe amesemaje?"

"Kila mtu anajua atakavyosema."

"Kila mtu si mwenye nyumba."

Nikamwendea. Alikuwa barazani, akishona magunia ya mahindi yaliyotobolewa na panya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona umesimama kama mleta msiba?"

Nilimweleza yote, ya kinyozi pia. Akaitua sindano.

"Mwalimu mzima! Mwanafunzi akikujibu 'nimesikia', humpi alama. Wewe dini yangu umeisomea kwa kinyozi? Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda hatukukatazwa. Alale bandani, huko nyuma. Awe na bakuli lake. Asikanyage ninaposalia, wala asilambe vyombo vya wanangu." Akalitazama gunia. "Anakamata panya?"

"Ndiyo kazi aliyozaliwa nayo, Mzee."

"Basi unangoja nini?"

Nilikwenda mbio, kanzu nimeikunja kiunoni, mimi niliyewakataza wanafunzi kukimbia barabarani. Simba alikuwa hai, amefungwa chini ya dirisha. Niliposhika kamba yake, kifua kilinifunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Huyu ndiye Simba?" Mzee Salehe aliuliza nilipomfikisha. "Huyu ni paka aliyekosea kuzaliwa!" Lakini panya hawakucheka. Msimu ule magunia yalisalimika, na Mzee Salehe akawa haachi kumwekea vichwa vya samaki "mlinzi wetu".

Mwanangu, watu husema lisemwalo lipo. Mimi nimeona yasiyokuwepo yakisemwa mchana kutwa. Kuuliza si ujinga: mwendee mwenye nyumba, mwulize kwa adabu, na masharti atakayokupa uyashike. Kisha mtunze mbwa wako. Ukipata teria kama Simba, ni mdogo wa mwili, si wa kazi. Usipomtembeza, atakuchimbia ua wote. Mkague kupe masikioni, maji yake yasikauke, na mifupa ya kuku usimpe, hata akikulilia.

Mungu akujalie kauli ya kweli kutoka kinywa cha mwenyewe, jirani atakayekukaripia usoni badala ya kukusema kisogoni, na mkia mfupi wa kukuchezea mlangoni kila urudipo.