Ndevu za Pamba

Mtaani Sofia, hapa Voi, Bi Mwanamvita anajulikana kwa mambo mawili: cherehani yake na mdomo wake. Cherehani hupumzika adhuhuri. Mdomo haupumziki. Vijana walipoanza kukaa barazani pake wakitafuna muguka, yale majani ya kulevya, mashavu yamefura na macho yamekuwa mekundu, hakuwafukuza wala hakuita askari. Alitoka nje, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nyie! Kama midomo yenu haina kazi nyingine, ingieni ndani niwape maneno ya kusema."

Walimcheka. Kisha wakaingia, kwa sababu jua la Voi halina utani na ndani kulikuwa na feni. Hivyo ndivyo kikundi cha maigizo kilivyoanza, msije mkadanganywa kwamba kulikuwa na mipango mikubwa.

Huigiza nje, karibu na soko, yale yanayowasumbua wenyewe: muguka, shule iliyoachwa katikati, wazazi na watoto wasiosemezana. Mchezo ukifika pabaya kabisa, Bi Mwanamvita hupuliza filimbi. Waigizaji huganda walivyo, hata kama mmoja ameinua mguu. Ndipo anapowauliza watazamaji, "Haya, nani ataingia?" Basi muuza nyanya au mtu wa bodaboda huingia, akachukua nafasi ya mwigizaji na kusema ambalo angesema yeye. Sheria ya kikundi ni moja tu: hakuna kuigiza ya nyumbani kwako. Mtaa huu kila mtu anajua ya mwenzake, na Bi Mwanamvita hakutaka mzazi wa mtu aaibishwe hadharani.

Sheria hiyo ilimgusa Ayub kuliko wote. Babake ni Mzee Ishaq, mwenye duka pale kona. Enzi zake za muguka, Ayub aliiba mizani ya duka, ile ya shaba iliyokuwa ya marehemu babu yake, akaiuza. Mzee hakumpiga. Alimfungia mlango, basi. Tangu hapo Ayub analala kwa Hudson, mwenzake wa kikundi. Muguka ameacha kabisa, na kila asubuhi hupita dukani.

"Shikamoo, baba."

Mzee Ishaq huendelea kupanga sabuni.

Jamani! Afadhali mtu anyimwe chakula. Shikamoo isiyoitikiwa unabaki nayo kooni siku nzima. Bi Mwanamvita alimwona kijana akinyong'onyea wiki baada ya wiki, akajua wazi kwamba siku atakayochoka kusalimu ukuta, atarudi kwenye muguka. Alikwenda mwenyewe kumsihi Mzee Ishaq. Alipewa kiti, akapewa soda baridi, akarudi mikono mitupu.

Sasa Jumamosi moja mchezo ulikuwa wa kijana aliyeuza redio ya babake. Redio, si mizani. Bi Mwanamvita si mjinga. Baba huigizwa na Alexander siku zote, akifungwa ndevu za bandia, lakini Alexander alikuwa Makwasinyi kwenye mazishi ya shangazi yake, na watu walikuwa wameshajaa.

"Bi Mwana, nipe mimi hizo ndevu," Ayub akasema. "Maneno yote nimeyashika."

Hapo ndipo Bi Mwanamvita alipoteleza. Alijiambia kwamba redio ni redio, na kwamba Mzee Ishaq hajawahi kuacha duka lake kuja kutazama upuzi wa vijana. Akamfunga kijana ndevu za pamba.

Hudson, aliyekuwa mwana mwizi, akaingia. "Shikamoo, baba."

Ayub hakujibu. Aliteremsha hadi ncha ya pua miwani ambayo hakuwa nayo. Akapuliza vumbi kwenye sabuni ambayo haikuwepo, akaipanga, akaipangua, akaipanga tena. Wala hakukusudia, maskini. Baba mwingine wa kuiga angemtoa wapi?

Watu wakaangua kicheko. "Ala! Si Ishaq huyo!" "Ishaq mtupu, wallahi!" Mama mmoja aliyeteremka na mboga zake kutoka Wusi, kule milimani, alishika mbavu.

Bi Mwanamvita naye alikuwa na kicheko tayari mdomoni, ndipo akamwona. Mzee Ishaq, kofia sawasawa, ameketi nyuma ya watu kwenye stuli yake ya dukani, na mkewe Nasiha amesimama kando yake. Katika kuhangaika kwake Bi Mwanamvita alitaka kila kitu kikome palepale, akapuliza filimbi kwa nguvu zote.

Lakini filimbi ile watu wa soko wanaijua. Waigizaji wakaganda, na watazamaji wakaanza kugeuza shingo kutafuta nani ataingia. Mzee Ishaq akainuka.

"Hebu nipisheni."

Kicheko kikakatika. Bi Mwanamvita akamkimbilia. "Mzee Ishaq, niwie radhi, kosa ni langu, huyu mtoto..."

"Kwani desturi yenu si kuuliza nani ataingia?"

"Sijauliza bado."

"Basi uliza."

Mdomo ule unaoogopwa Sofia nzima ukafunguka kidogo tu. Aliuliza kwa sauti ya panya.

Mzee akamvua mwanawe ndevu za pamba, akazigeuza-geuza mkononi. "Kwanza, mimi sipulizi sabuni."

"Wapuliza!" Nasiha akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka tena.

Mzee akazivaa ndevu za pamba juu ya ndevu zake mwenyewe, akasimama pale anaposimama baba. Hudson, bado ameganda, akawa anamtupia Bi Mwanamvita jicho la kuomba msaada. Bi Mwana akapiga moyo konde. Sheria ni yake. Kama ni kuvunjwa, aivunje mwenyewe. Akamvuta Hudson pembeni, akamsukuma Ayub pale pa mwana.

Ayub akasogea mbele ya babake.

"Shikamoo, baba."

Mzee Ishaq akateremsha miwani, ya kweli safari hii. Mkono wake ukanyanyuka kuelekea kwenye sabuni zisizokuwepo, ukabaki hewani.

"Marahaba," akasema. Akakohoa. "Marahaba, mwanangu. Mamako anakupakulia kila usiku. Kuku wa nyumba ile wamenona kwa chakula chako, hata kutaga wanaona uvivu."

Nasiha akajifunika uso kwa leso. Bi Mwanamvita alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta.

"Mchezo umekwisha?" mzee akamwuliza.

"Umekwisha, Mzee Ishaq."

"Basi mimi narudi dukani. Ayub, niletee ile stuli yangu."

Akavuka barabara na mkewe, ndevu za pamba bado zikimning'inia kidevuni, na mwanawe nyuma yao na stuli kichwani. Hudson alitaka kuwakimbilia akazidai ndevu. Bi Mwanamvita akamshika ukosi wa shati.

"Ziache," akasema. "Alexander nitamshonea nyingine."