Ua la Mukuba Nyuma kwa Mama Vero

Kuna Jumamosi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa umekuja na simu yako kunionyesha picha unayotaka kuisambaza, nitakusimulia kabla hujabonyeza chochote. Kaa. Simu iweke mezani, kifudifudi, isitusumbue. Chai iko, mkate uko, na mimi nina maneno.

Wakati huo nilikuwa msichana mwenye miguu ya kutembea na mdomo wa kusema. Hapa Likasi tulikuwa na kikundi cha vijana wa parokia, na kazi yetu haikuwa kuimba wala kufagia kanisa. Kazi yetu ilikuwa kuandika viumbe wa mji. Ndiyo, cheka tu. Mnadhani ninyi mnaoandika ndege na maua kwa simu zenu ndio mlioanza. Kila Jumamosi tulizunguka mitaa, mifereji na kuta za viwanda vya zamani, tukitazama nani anaishi humu pamoja na sisi: mwewe anajenga wapi, popo wanalala mti gani, vinyonga wamebaki upande gani wa reli, bata wa ziwa Tshangalele wanapita juu yetu mwezi gani. Aliyetuanzisha alikuwa mwalimu wetu wa biolojia, tuliyemwita Prof, kama wanavyoitwa walimu wa sekondari kwetu. Alikuwa mrefu, mpole, na mfuko wa shati lake ulikuwa umechanika kwa wingi wa kalamu.

Watu walitushangaa. Tulipoanza kuandika bundi, mama mmoja wa kanisa la maombi alitumwagia maji ya kufulia, akidhani tunatafuta wachawi wenzetu. Wiki iliyofuata alikuja na waumini wenzake kutuombea pale pale mlangoni pa ukumbi, wakatuwekea mikono vichwani. Prof akawashukuru kwa heshima zote, halafu akawauliza kama kuna aliyesikia bundi upande wao. Wakamwambia. Tukaandika.

Kila mvua zilipokwisha tulitundika ramani kubwa kwenye ukuta wa ukumbi, na baada ya misa watu walikuja kuitazama, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Mchoraji wa ramani ile nilikuwa mimi. Nilikuwa na mkono mzuri, sitajifanya mnyenyekevu kwa jambo hilo. Watu walitafuta nyumba zao kwa kidole, wakaona alama ya mnyama jirani yao, wakaitana. Kuna baba mmoja alienda kuwaringia wenzake kazini kwamba kwake kunaishi kinyonga.

Basi mwaka ule, mvua zikiwa zinaaga, nilipita nyuma kwa Mama Vero. Huyu alikuwa mjane. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa kiwandani, akamwachia lupango, yaani nyumba na kiwanja chake, mwisho wa kambi ya zamani ya wafanyakazi. Nyuma ya ukuta wake vijana wa mtaa walikuwa wamechimba mfereji wa maji ya mvua. Kando ya mfereji huo, kwenye udongo uliopinduliwa, ndipo nilipoliona: ua dogo la zambarau, kichwa cha duara, shina lisilofika gotini. Nyuki walikuwa juu yake. Nikachuchumaa, nikasema peke yangu, ala, ua la mukuba.

Wewe ni mtoto wa hapa, huhitaji kuelezwa, lakini nitasema kwa ajili ya wale utakaowasimulia. Mukuba ni shaba, na ua hilo hupenda udongo wenye shaba. Linapoota, watu hawaulizi chini kuna nini. Kila mtoto wa Likasi anajua hivyo, na mimi nilijua. Ila siku ile nilikuwa mchoraji wa ramani kwanza, mtoto wa Likasi baadaye. Nilichoona ni kwamba kikundi chetu hakijawahi kuliandika ndani ya mji, kwamba mimi ndiye niliyeliona, na kwamba Jumapili ya ramani ilikuwa inakaribia. Niliwaambia wenzangu, na yeyote mwenye masikio, kuwa mwaka huu nina kitu cha kuwaacha watu midomo wazi, lakini sitakitaja mpaka siku yenyewe.

Sasa elewa ulikuwa wakati gani. Kazi za kiwandani zilikuwa zimelegea, mishahara haionekani, na wanaume wa mji walikuwa wamebeba sururu na mifuko kwenda kujichimbia wenyewe. Palipotajwa kuwa na madini, watu walifika kabla ya jua. Walichimba mabonde, walichimba barabara, walichimba chini ya vitanda, na nyumba zikakaa juu ya mashimo. Kaka yangu Deo alikuwa mmoja wa wachimbaji hao. Nilimwita yaya, maana kwetu ndugu yako mkubwa ni yaya. Alihangaika upande wa Kakanda wiki nzima, akirudi na vumbi masikioni na mikono mitupu.

Jumamosi ninayokusimulia, nilirudi kule nyuma na kamba na karatasi, nipime kutoka kona ya barabara mpaka kwenye ua, ili alama yangu ikae mahali pake hasa. Mama Vero akatoka. Akanitazama ninavyopima, akalitazama ua, akaitazama karatasi. Nilingoja kelele, maana alikuwa na sauti ya kusikika mpaka sokoni. Hakupiga kelele. Alisema tu nimbebee beseni la sombe, majani ya muhogo aliyokwisha kuyatwanga, nimsindikize kuwagawia majirani.

Tulianza kwa mzee mmoja aliyeumwa kifua, ambaye hakutoka tena kwenye kiti chake cha mlangoni. Mama Vero akampimia sombe, akamjulia hali, akamrekebishia blanketi magotini. Kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hapa batachimba asubui ao mangaribi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Tukaenda nyumba ya pili, kwa bibi harusi ambaye sufuria zake zilikuwa bado na karatasi za dukani. Mama Vero akamsifia maharage yake, akampimia sombe, akanigeukia na kuniuliza swali lile lile: asubuhi au jioni? Nyumba ya tatu tulimkuta mama kijana amekaa kizingitini ananyonyesha, mtoto mchanga mwenye nywele nyingi kama amevaa kofia. Mama Vero akamshika mtoto kidole, akamchekea, akaniuliza tena. Safari hii yule mama kijana akacheka, akidhani ni utani wetu, akataka kujua nani anachimba wapi. Uso uliniwaka, mwanangu, na beseni lilikuwa zito kuliko lilipokuwa limejaa.

Tuliporudi kwake ndipo alipoitaja ramani yangu.

"Mutoto yangu, karte yako iko muzuri, na mukono yako iko muzuri. Lakini kule ku ukuta kila muntu anasoma. Weye unaandika maua. Bengine batasoma nyumba yetu."

Akaingia ndani kuosha mikono. Hakunikataza, hakuniapisha. Aliniacha pale na kamba yangu.

Unadhani nililia? Nilikasirika. Ua nimeliona mimi, nikajiambia, na mama huyu anataka kunifunga mdomo. Nikaenda moja kwa moja kwa Prof, nikijua atasimama upande wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kiumbe kilichoandikwa bila mahali ni nusu ya habari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno lake liko pale pale: mahali tutapaandika, sawasawa, na siri yake tutakaa nayo sisi. Ila kuandika ni kazi moja na kutundika ni kazi nyingine. Hatukuwahi kujiuliza tofauti yake, akasema, kwa sababu tulizoea vinyonga, na kinyonga hakuna mtu anayebomoa nyumba kumfuata. Akavua miwani, akakiri kwamba yeye mwenyewe angelitundika bila kuwaza. Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Lakini mdomo wangu ulikuwa umetangulia. Nilipofika nyumbani nilimkuta yaya Deo ananingoja uani. Alikuwa amesikia majigambo yangu, na hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani kinamfurahisha hivyo mtoto wa Likasi. Hakunitisha. Laiti angenitisha, ingekuwa rahisi.

"Mudogo yangu, najua uliona ile maua. Ambia minye peke yangu. Batoto beko na njala."

Nilimpenda kaka yangu kuliko mtu yeyote mjini, na watoto wake walikuwa wakila kwetu, kwa hiyo niliijua njaa hiyo kwa majina. Nilimtazama mikono. Nikafikiri: nikimwambia yeye, atamwambia mwenzake anayemshikia kamba shimoni, na mwenzake ana ndugu, na ndugu ana shemeji, na keshokutwa bibi harusi anaamshwa na sururu chini ya kitanda. Hata Deo mwenyewe angeweza kubaki chini kule.

"Yaya, niliona," nikamwambia. "Sitasema."

Akasimama, akavaa kofia yake, akatoka. Tangu siku hiyo, mvua zote zilizofuata, alinisalimia kama mgeni aliyeshuka kwenye basi. Iliniuma, mwanangu. Inaniuma hata sasa ninaposimulia. Lakini sikujuta, na nisikilize vizuri, mtu anaweza kuumia bila kujuta.

Jumapili ikafika, ramani ikapanda ukutani. Nililichora ua kubwa pembeni, na nyuki wake, na jani lake. Nikaandika miezi linapochanua na wadudu wanaolitembelea. Mahali pa kuandika mahali, niliandika: ndani ya mji wetu. Watu waliacha midomo wazi kweli, kisha wote wakauliza wapi. Nilisimama mbele yao nikajibu bila kutafuna maneno kwamba mahali panajulikana na wanaopaswa kupajua. Wako vijana waliokuja kunifuata nyuma siku kadhaa, wakidhani nitawapeleka. Niliwapeleka sokoni. Niliwazungusha kwenye samaki, kwenye mkaa, kwenye mitumba, nikarudi kwenye samaki, mpaka wakachoka wakaenda zao. Mama Vero alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi. Jioni aliniletea sahani ya sombe na samaki wa Tshangalele, akasema ni zilizobaki. Zilikuwa zimepikwa jioni ile ile.

Na yaya Deo? Kiangazi cha mwaka uliofuata nilimwona mlangoni, kofia mkononi, anatazama chini kama mtu anayekuja kuposa. Akaniambia kwamba katika shimo moja walilokwisha kuliacha ameona bundi ana watoto, weupe kama pamba.

"Andika," akasema. "Lakini usiseme ni fasi gani."

Yeye, kunikataza mimi kutaja mahali! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, nikamwekea bukari, ugali wetu, mezani, akala mpaka sahani ikang'aa. Tangu siku hiyo hakuna aliyetuletea habari za bundi kumzidi.

Haya, sasa geuza simu yako tuitazame tena picha. Mfereji ule naujua. Ukuta ule naujua hata umepakwa rangi mpya. Lile ua bado linaota pale pale, na juu ya udongo huo watu bado wanapika, wanaumwa, wanaoa. Na simu yako ina tabia mbaya kuliko ukuta wa parokia: ukuta ulisomwa na Likasi tu, simu inasomwa na dunia nzima, na mahali inapaandika bila kuombwa.

Nasaha yangu ni hii, na usije kusema nilikukataza kazi yako. Andikeni. Andikeni kila kitu, mwewe, chura, nyuki, na ua hili pia, kwa sababu mji usiojua nani anaishi ndani yake hautajua nani amepotea. Mahali mpaandike sawasawa, mpakabidhi kwa watu mnaowaamini. Lakini kabla ya kutundika mbele ya macho ya wote, jiulize nani anaishi pale na nani mwingine atasoma. Ukikosa jibu, beba beseni, upite nyumba kwa nyumba. Na akikuuliza mtu unayempenda, mwambie ukweli kwamba unajua, na kwamba hutasema.

Mama Vero ametangulia. Mzee wa kifua ametangulia. Bibi harusi ana wajukuu. Na yule mtoto mchanga wa nyumba ya tatu, mwenye nywele kama kofia? Mama yako hakukusimulia, kwa sababu siku ile alidhani tunatania. Ni wewe, mwanangu. Ulikuwa unanyonya, na karatasi yangu ilikuwa kwapani.

Mungu akuachie macho hayo makali, na juu yake akuongezee mdomo unaojua kukaa. Aisimamishe nyumba ya mama yako. Na mwaka ujao, mvua zikiwa zinaaga, akukute umechuchumaa kando ya mfereji ule ule, unahesabu nyuki.