Mpishi Aliyeambiwa Akimbie

Tuelewane mapema: Mama Angèle hakuwa mtu wa mbio. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwili wa kutosha watu wawili, na goti la kushoto lililojua mvua itanyesha kabla ya redio kutangaza. Kutoka nyumbani kwake Kabondo hadi kazini Makiso, humuhumu Kisangani, alipanda toleka, teksi ya baiskeli, na mwendeshaji akikuta hata kamwinuko kadogo alisema kwa adabu, "Mama, tushuke kidogo, tusalimie miguu." Naye alishuka bila kinyongo, wakasukuma wote wawili.

Kazi yake ilikuwa malewa, ile migahawa ya mabati na mabenchi karibu na bandari ya mto, ambapo karani wa serikali na mbeba mizigo wanagusana viwiko wakila pondu ya majani ya muhogo. Malewa yenyewe ilikuwa ya Florentine, dada wa marehemu mume wake. Florentine hakuwa mtu mbaya, jamani, nisije nikamsingizia. Lakini jikoni mwake hakuna kilichosogea bila yeye kusema. Angèle alipika miaka ishirini na miwili, lituma yake, ndizi na muhogo vilivyotwangwa pamoja mpaka vikalainika, ilivuta watu kutoka ng'ambo ya mto, na wateja walipojilamba vidole walimgeukia Florentine kwa heshima ya dada mkubwa: "Yaya Florentine, leo umetuweza!" Florentine akaitika, "Aksanti, aksanti," na Angèle yuko palepale na mwiko mkononi.

Hilo lilimuuma. Hakumwambia mtu, lakini lilimuuma sana. Alitaka kitu kimoja tu kabla Mungu hajamwita: jiko ambalo juu yake hakuna mtu.

Basi siku moja akaona karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa bandari. Ilikuwa ya Kiingereza. Maneno mawili aliyatambua, Ubundu na "kitchen", hili la pili kwa sababu lilifanana na "cuisine" ya Kifaransa, na alipokisia hakukosea. Akapiga picha kwa simu, akampelekea Prof Landry.

Landry alikuwa jirani yake, mwalimu wa jiografia, ambaye mtaa mzima ulimheshimu kwa Kiingereza kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumsahihisha. Alikuwa na kamusi ya mfukoni, ndogo kabisa, ambayo kila neno ilikuwa imelipatia maana moja tu, likitaka lisitake. Akasoma, akapekua, akakohoa.

"Bon. Ni watu wanapima maji ya mto, Ubundu. Miezi sita. Banatafuta mupishi mumoja."

"Mumoja? Peke yake?"

"Peke yake. Mazungumzo ya kazi ni Ijumaa ya wiki ya pili. Lakini Mama Angèle, iko sharti." Akashusha miwani. "Neno liko hapa ni 'run'. Courir. Mupishi lazima akimbie jikoni."

Angèle akatazama goti lake la kushoto. "Akimbie kwenda wapi?"

Mwalimu wa kweli hakosi jibu. Landry akaeleza kwamba wapima maji hawakai mezani, wanakula wakiwa kazini kando ya mto, donc chakula lazima kiwafikie kikiwa moto. Halafu, akasema, wazungu wenyewe wanapenda mbio. "Hujabaona asubuhi, banakimbia barabarani na hakuna mutu anabafukuza?" Kweli, Angèle alikuwa amewaona. Hapo akasadiki.

Mwingine angekunja karatasi, akarudi kwenye mwiko. Lakini mpishi mmoja, peke yake! Kama bei yake ni mbio, basi mbio.

Kesho yake alfajiri akafunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi ya marehemu mume wake, akavaa raba, akatoka. Landry alisimama mlangoni na simu kupima dakika, maana naye alijiona kocha sasa.

Lakini Kisangani haikimbiwi ovyo. Mji huu umesikia mizinga ya vita, na mtu mzima wa hapa akimwona mama wa makamo anakuja mbio saa kumi na mbili asubuhi, kitenge kinapepea, haulizi. Muuza maandazi alikuwa wa kwanza kumwona Angèle, akabeba beseni kichwani, akatimua. Muuza mkaa akamfuata. Fundi pikipiki akatupa spana. Kufika kona, barabara nzima ilikuwa inakimbia mbele ya Angèle, milango inafungwa pa! pa! pa!, na yeye nyuma anahema, anapunga mikono, "Hakuna kitu! Hakuna kitu! Ni spor, mazoezi!" Kadiri alivyopunga mikono ndivyo walivyoongeza mwendo.

Waliokimbia walipompata pale alipoanguka kwenye benchi la kinyozi, walikuwa wanataka kumla mzima.

"Mama, nani anakufukuza?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbia nini?"

"Ninatafuta kazi," akasema Angèle, na kinyozi akacheka mpaka akakaa chini.

Alikimbia siku kumi na mbili. Mtaa ulimzoea, watoto wa shule wakawa wanamhesabia, "Moya! Mbili! Moya! Mbili!" Goti lilimtukana kila asubuhi. Florentine alisikia, akaja na mikono kiunoni: "Semeki, wifi yangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Umri huu unatafuta nini?" Angèle akaendelea kumenya ndizi.

Ijumaa ikafika. Mazungumzo yalikuwa kwenye nyumba moja ya wageni Makiso, na Landry alimsindikiza hadi langoni, akakaa nje. Ndani, kwenye uwanja wa saruji, alimkuta Madame Ingrid, mkubwa wa wapima maji, mwanamke mrefu mwenye Kifaransa cha kuchechemea. Mkalimani wao, Papa Assumani, Mwislamu wa hapahapa mjini aliyefanya kazi Kampala miaka mingi, alikuwa bado njiani. Madame akatabasamu, akaona amwanze taratibu kwa lugha anayoiweza. Akasema sentensi ndefu ya Kiingereza, na katikati yake Angèle akasikia neno lake: run.

Haya! Saa imefika.

Akaweka pochi kitini. Akakaza kitenge. Akaondoka kwa kasi, akazunguka tangi la maji mara ya kwanza, mara ya pili, mlinzi akashika filimbi, mara ya tatu, akarudi kusimama mbele ya meza, jasho linamtoka, akasema kwa Kifaransa alichokiandaa wiki nzima: "Voilà, Madame. Na nikibeba sufuria pia naweza."

Madame Ingrid alikuwa amefungua mdomo. Papa Assumani, aliyeingia langoni mzunguko ukiwa wa pili, aliuliza kwa Kiswahili kumetokea nini. Angèle akamweleza: karatasi, kamusi, asubuhi kumi na mbili. Assumani akatafsiri. Madame akacheka mpaka machozi, akashika meza, akaomba msamaha, akacheka tena.

"Na hiyo karatasi," akasema Assumani, "ilikuwa na Kifaransa upande wa pili. Waliobandika walipaka gundi huko."

"Landry!" Angèle akapiga ukelele kuelekea langoni. Huko nje Landry alikuwa amekwisha kutoweka.

Aibu ilimshika. Alichukua pochi yake kuondoka, lakini Assumani akamzuia kwa mkono.

"Mama, usikasirikie hilo neno. Ni kama 'piga' letu. Unapiga simu, simu inalia maumivu? Unapiga pasi, unapiga picha, unapiga hodi, unapiga chafya, na mwingine anapiga domo kutwa. Huyu Madame mwenyewe aliambiwa shati lake litapigwa pasi, akauliza shati limekosa nini. Sasa 'run' ya kwao ni vilevile. Mto ukiteremka, una-run. Makamasi ya mtoto yana-run. Mashine ya mtumbwi ikiwaka, ina-run. Mwanasiasa akitaka kiti, naye ana-run, hata kama ameketi ndani ya gari. Rangi ya kitenge kibaya ikitoka majini, ina-run."

"Na jikoni?"

"Jikoni ni hivi: mtu akiwa ndiye anaamua nini kinunuliwe, nani akate vitunguu, watu wale saa ngapi, na hakuna mwingine juu yake, huyo ndiye ana-run jiko."

Angèle akaweka pochi chini polepole. Alikuwa amekuja kukimbia na sahani, kumbe walichokuwa wanatafuta ni kile alichokitaka yeye miaka yote, na Waingereza walikuwa na neno lake.

Madame alikuwa ameacha kucheka. Aliuliza, na Assumani akageuza: watu kumi, Ubundu, hakuna friji, vitu vinatoka Kisangani kwa treni isiyo na saa. Treni ikichelewa siku tisa, mama atafanyaje?

"Siku tisa?" Angèle akakunja mikono. "Papa, mwambie treni si mama yangu, siwezi kuingojea kwa kula. Kwanza samaki ninanunua kwa wavuvi wa palepale, ninakausha nusu kwa moshi siku ileile. Pondu inatwangwa asubuhi, haitwangwi jioni, inachacha. Ndizi ninanunua mbichi, mikungu mitatu, mmoja wa leo, mmoja wa siku ya nne, mmoja umefichwa usije ukaliwa na wenye njaa ya saa kumi. Chumvi na mafuta vinakaa kwenye chumba changu, na ufunguo hapa kiunoni. Mwenye tumbo bovu anapikiwa wali wa maji, haulizwi. Na makombo ya jana..."

"Ngoja, mama, ngoja!" Assumani alikuwa amebaki nyuma kwenye wavuvi. Madame aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Hakukuwa na swali lingine. Alisimama, akampa mkono.

Landry alionekana siku ya pili, na kuku mikononi. Alisamehewa, kuku akaliwa. Florentine alinuna siku tatu, ya nne akaleta sufuria yake kubwa kuliko zote, akaiweka mlangoni, akaenda zake.

Ubundu, asubuhi ya kwanza, jiko lilikuwa kibanda cha mabati chenye mafiga mapya. Wasaidizi wawili, Gracia na Aïcha, mabinti wa pale, walikuwa wamekwisha kuwasha moto na kuosha kila chombo. Angèle aliinama akipanga ndizi.

"Mama, tunaanza na nini?" Gracia akauliza.

Angèle aliendelea kupanga ndizi, akingoja, kama alivyongoja miaka ishirini na miwili, swali lijibiwe na mwenye jiko.

"Mama Angèle? Ni wewe tunauliza."

Akainuka. Akawatazama wale mabinti, mmoja baada ya mwingine, wamesimama na visu mikononi na hawasogei. Machozi yakamteremka bila kujificha, na Aïcha akaogopa, akauliza kama ni moshi.

"Hapana, mwanangu," akasema Angèle, akijipangusa kwa ncha ya kitenge. "Niulizeni tena."