Mlima Usionijua

Wiki iliyopita, nikiwa Hombo, niliona lori lililotoka Goma likiwa limefunikwa majivu ya volkano. Nikaligusa kwa kidole, na harufu ile ya kiberiti ikanirudisha Ngungu, kwenye shamba letu la maharage.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, majivu ya mlima wa moto yalianguka kimya juu ya majani, kama unga unaochekechwa. Kuku waliingia ndani mapema. Mimi nilijua sababu: asubuhi nilikuwa nimevunja chungu cha mama na kumsingizia mbuzi. Mlima ulikuwa umeniona, na sasa ungetuunguza sote.

Nikamkimbilia papa, baba yangu aliyewahi kuchimba madini Walikale, nikamwambia yote huku nikilia.

Alicheka hadi akaegemea jembe. "Ule mulima haijue hata chifu, njo itakujua wewe? Iko mawe na moto tu. Majivu hii itakuwa udongo, udongo itakuwa maharage, maharage utakula, itakuwa wewe. Na wewe siku moja utarudia udongo. Njo vile."

Nilishusha pumzi. Kisha, sijui kwa nini, nikahuzunika. Nimetembea sana tangu hapo na naona papa alisema kweli, lakini siku ile nilitaka mlima unijue, hata kama ni kwa ubaya.

Nyuma yetu mama alikuwa amesimama na kikapu chake, majivu kichwani.

"Mulima haikujue weye," alisema, akininyooshea mkono. "Miye nakujua. Kuya hapa."