Sahani ya Shangazi

Shangazi yangu, mshonaji wa sare za shule, tumbo lake liligoma miaka mingi. Chakula kiliingia, kikalala humo kama mzigo, kisha akakitapika. Alikuwa akila vijiko viwili, halafu anamsukumia mumewe sahani: "Maliza wewe." Mumewe akanenepa kwa makombo hayo, majirani wakicheka kwamba mke anaugua, mume ndiye anayepata nafuu.

Mwaka jana mumewe alifariki. Zamu ya shangazi ya kupasuliwa hospitalini ikafika baada ya mazishi. Walimpachika kifaa chini ya ngozi ya tumbo, kinachoshtua misuli kwa umeme mdogo ili isukume chakula. Wiki iliyopita daktari alikipima kwa kompyuta, akakiongezea nguvu kidogo.

Jana mchana nilipita kwake. Cherehani ilikuwa kimya. Alikaa mezani peke yake, sahani yake nyeupe pee, hata mchuzi ameufuta. Nikapiga makofi.

"Shangazi, umemaliza!"

"Hebu nyamaza!" akanifokea.

Kisha akakigeukia kiti kitupu cha mumewe kilichokuwa mbele yake, akasema polepole, "Usinikasirikie, baba. Leo sikukubakishia kitu."